Jina Nililoliruka Kitale

Nyinyi vijana mnaoandaa tamasha la jazi hapa Kitale, Wanjiru wenu ameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitangaza wanamuziki kabla simu hazijachukua kazi yetu. Alikuja kutoka kwao Kibomet na mkate na maziwa, akaketi kitandani kwangu kwa sababu kiti ni kimoja, akasema, "Andika tu kurasa mbili tatu, shosh. Vitu za kutusaidia. Na zingine za kuchekesha." Nimemwambia nitajaribu. Nina wakati. Mtu akija kwangu huku Tuwan anaweza kukosa sukari, anaweza kukosa hata stima, lakini wakati hawezi kuukosa.

Naitwa Zainabu, ingawa kwenu mimi bibi ni shosh tu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa sauti ya spika. Wiki nzima kabla ya tamasha nilizunguka na pikapu yenye spika mbili juu, kutoka Kitale hadi Kiminini, Webuye, Bungoma, nikiwaambia watu nani atapiga na lini. Siku yenyewe nilisimama jukwaani nikawaita wanamuziki mmoja mmoja. Sikupiga chombo chochote na sikuimba. Kazi yangu ilikuwa kusema fulani anakuja, kisha nimpishe.

Sasa nimestaafu na sina wa kumwita. Hamisi mume wangu alifariki, watoto wako mbali, mmoja Mombasa, mwingine Uarabuni. Kuna siku adhuhuri inaadhiniwa ndipo nakumbuka kwamba tangu niamke sijatoa sauti. Basi naketi hapo hapo nasema, "Moja, mbili. Moja, mbili," nisikie kama bado iko. Jirani anagonga ukuta.

"Shosh, uko sawa?"

"Niko sawa. Napima maiki."

Anacheka. Nami nacheka peke yangu upande huu.

Niwaambie kwanza kuhusu hilo neno jazi, maana nimeona mnagombana juu yake kwenye simu. Zamani huku kwetu bendi yoyote yenye magitaa matatu na mashati ya kufanana ilijiita Jazz. Hakuna aliyeuliza. Tamasha letu lilifanywa kiangazi, mahindi yakiwa yameshavunwa, barabara zina vumbi badala ya matope, na mkulima ana siku ya kupumzika. Walikuja wapiga gitaa, waimbaji, wenye saksafoni, hata mzee mmoja wa zeze ambaye kamati ilimwandika "Jazz ya Kienyeji" ili apite. Watu walicheza mchana kutwa na hawakuuliza cheti.

Kazi nilifundishwa na Bwana Wanjala, mtu wa Bungoma, mrefu, aliyevaa koti la suti hata jua likichoma, na ambaye r na l zilibadilishana mdomoni mwake. Baba yangu alikuwa mshonaji, duka lake karibu na msikiti. Baba Mnubi, mama Mbukusu, na mimi nilikuwa nauza vifungo na uzi pale mlangoni. Siku moja Bwana Wanjala alileta koti lirekebishwe mfuko, akanikuta nikigombana na mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya barabara juu ya zipu mbovu.

Akamgeukia baba. "Huyu msichana sauti yake inavuka balabala bila kuangaria magari."

Baba alicheka. Alipogundua kwamba yule bwana ananitafutia kazi, akaacha kucheka. Mtaani watu walisema sana. Mzee mmoja alimuuliza baba kama amekosa mume wa kunipa hadi aamue kunitangaza kwa spika. Baba alikaa na lile jambo siku nne, kisha akaniambia, "Ukifika hapa msikitini, zima." Hilo tu. Nami nilizima kila mara, niwe nimechelewa, niwe nimebaki na jina moja tu la kusema.

Baba alinisikia kwenye spika mara moja maishani mwake, na ilikuwa kwa bahati. Alikuwa ameenda Bungoma kununua vitambaa, pikapu ikampita bila mimi kumwona. Jioni akaniambia, "Nimekusikia leo." Nikangoja. Akaendelea kukata nguo, kisha akasema, "Unasema karibuni mara nyingi sana."

Nikapunguza karibuni.

Mambo ya kazi, basi. Gari la matangazo linakwenda mwendo wa mtu aliyebeba debe la maji kichwani. Likienda haraka zaidi, mtu anasikia "Jumamosi" na hasikii nani. Simama penye kinu cha posho, kwa sababu pale watu wamepanga foleni na hawana pa kwenda. Usisimame mnadani penye ng'ombe. Mimi nilisimama mara moja, fahali akashtuka, na nusu ya watu waliokuwa wakinisikiliza walimfuata hadi mtoni. Zima spika ukipita hospitali, msikiti, kanisa, na boma lenye hema la matanga. Upepo ukitoka upande wa Mlima Elgon, geuza gari kwanza, la sivyo utawatangazia mahindi. Maiki usiipulize, igonge kwa kidole. Na usipige kelele. Bwana Wanjala alinigusa tumbo kwa ncha ya kalamu, mbele ya Hamisi, ambaye wakati huo alikuwa dereva wetu tu, akasema, "Sauti inatoka hapa. Koo ni balabala tu."

Na jina la mtu liweke mwisho. Sema anakotoka, sema chombo chake, vuta pumzi, ndipo useme jina. Ukilitanguliza, watu wataanza kupiga makofi na hayo mengine yote yatapotea.

Makosa nilifanya mengi. Mwaka wangu wa kwanza Bwana Wanjala alinisomea majina nami nikaandika. Mmoja alikuwa mpiga gitaa kutoka upande wa Cherangany. Bwana Wanjala akasema "Kilui," nikaandika Kilui, nikamtangaza Kilui wiki nzima hadi nikaipenda sauti ya hilo jina. Siku ya tamasha akanijia kijana mpole amebeba gitaa kwenye gunia.

"Madam, mimi ni Kirui."

"Tunakungoja, Bwana Kilui."

"Kirui. Huyo Kilui akikuja mwambie mimi nimepiga kwa niaba yake."

Tangu siku hiyo sikuandika jina la mtu kutoka mdomo wa mtu mwingine. Nilimtafuta mwenyewe, nikamwambia aliseme mara tatu, nikaandika vile alivyolisema, hata kama karatasi ya kamati imeandika vingine. Fanyeni hivyo. Msinakili tu kutoka kwa simu.

Jambo jingine: msiseme "bila kukosa". Mimi nilisema kuhusu mwimbaji mmoja kutoka Eldoret, naye akakosa, na watu wa Kitale wakanirushia magunzi ya mahindi. Moja lilinipata sikio hili la kushoto. Bwana Wanjala alisimama kando amekunja mikono ndani ya lile koti lake. Baadaye akaniambia, "Umemuona akishuka kwa gari? Kama haujamuona, sema tunamtalajia."

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Wanjiru alitaka niishie hapo. Lakini yapo mengine, na kama nimekubali kuwaandikia ni kwa sababu ya hayo.

Nilikuwa na rafiki Matulo, kule karibu na Webuye. Aliitwa Nekesa. Tulikutana kwa sababu ya kazi: tukiwa na matangazo ya Webuye na Bungoma, kurudi Kitale kila jioni kulikuwa mbali, na mama yake Nekesa akatupa mahali pa kulala, mimi nyumbani kwake na Hamisi kwa jirani. Walikuwa wakulima, Wakristo. Mama yule alininunulia sufuria yangu peke yangu, mpya, akasema hii haijawahi kupikiwa kitu ambacho Zainabu hali. Sikumwomba.

Nekesa alipiga tarumbeta. Alijifunza katika bendi ya kanisa, na alipoanza kuwashinda wanaume wakasema mwanamke akipiga tarumbeta mishipa ya shingo inaharibika. Akaacha bendi akaendelea peke yake. Alifanya mazoezi katikati ya shamba la mahindi, mbali na nyumba, kwa sababu ng'ombe wa mama yake alikataa kutoa maziwa akimsikia. Mimi nilikuwa nikikaa mwisho wa mstari wa mahindi nikisikiliza vipande. Alipiga kidogo, akasimama, akarudia, akasimama. Alikuwa akitunga wimbo wake mwenyewe na hakutaka niusikie wote.

"Utausikia Kitale," alisema. "Ukishaniita."

Mwaka huo Bwana Wanjala alistaafu kwa sababu ya macho, akaniachia jukwaa. Nikawa mwanamke wa kwanza kushika maiki pale. Na mwaka huo huo kamati ilimkubali Nekesa. Jina lake lilikuwa la tisa kwenye karatasi yangu. Baba alimshonea gauni la manjano lenye kola nyeupe, akakataa kusema alichukua siku ngapi. Nami nilizunguka na pikapu, na nilipofika Matulo nilimwambia Hamisi aende polepole kuliko mwendo wa debe. Nilisema jina la Nekesa penye kinu, nikalisema sokoni, nikalisema mbele ya lile kanisa. Watu walitoka mashambani na majembe. Sijawahi kutangaza jina likapokelewa hivyo.

Jumamosi ya tamasha watu wa Matulo walikuja na lori la mahindi, wakiwa wamelifagia na kutandika nyasi kavu. Mama yake aliketi mbele na dereva, amevaa kitambaa kipya cha kichwa.

Sasa, kulikuwa na bendi ya wageni kutoka Nairobi. Walichelewa. Walipofika, saa tisa ilikuwa imepita, wakasema hawapigi chini ya saa mbili na nusu, na ruhusa yetu ya spika ilikuwa inaisha saa kumi na mbili. Mwenyekiti wa kamati alinijia nyuma ya jukwaa, akachukua karatasi yangu, akachora mstari juu ya jina la tisa.

"Huyu ruka."

"Watu wake wamekuja na lori nzima."

"Si watasikia bendi ya Nairobi? Hiyo ni bahati yao."

"Mwenyekiti, mimi mwenyewe nimemtangaza wiki nzima."

"Zainabu," akasema, bila ukali, "hii maiki kuna watu wengi wanaitaka."

Nimewasimulia watu wawili tu habari hii, na wote wawili niliwaambia kwamba niliogopa kupoteza kazi. Ni kweli niliogopa. Lakini nyinyi nitawaambia na lile lingine. Wale wa Nairobi nilikuwa nimewafanyia mazoezi. Nilikuwa nimewatafuta wakishuka kwenye gari, nikawauliza majina yao sita, nikayarudia nyuma ya jukwaa, na yalikuwa matamu mdomoni. Nilitaka kuyasema. Nilitaka watu wa Kitale wanisikie nikiyasema.

Nekesa alikuwa amesimama kwenye ngazi, tarumbeta kifuani, gauni la manjano. Wa nane alishuka. Nikashika maiki. Aliniangalia na akapanda ngazi moja. Mimi nikaangalia karatasi kama mtu anayesoma mwandiko mgumu, nikavuta pumzi, nikaita bendi ya Nairobi.

Niliita vizuri. Hilo ndilo baya. Uwanja mzima ulipiga mayowe.

Nilipogeuka hakuwa kwenye ngazi. Bendi ilipomaliza nilishuka kumtafuta, nikakuta nyasi kavu zimemwagika mahali lori lilipokuwa limeegeshwa. Hamisi alikuwa akikunja nyaya. Tulikuwa hatujaoana bado, na nilidhani baada ya hapo hatanitaka.

Sikuenda Matulo. Nilisema nitaenda wiki ijayo, kisha nikasema nitaenda mahindi yakipandwa. Mwaka uliofuata kazi ikatupeleka tena barabara ile, nami nilikuwa natangaza kutoka Webuye mjini kwa nguvu zote. Tulipokaribia Matulo mkono wangu ukazima spika wenyewe. Hamisi akanitazama. Nikatazama mbele. Tulipita kimya hadi mwisho wa yale mashamba, ndipo nikawasha. Basi ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Penye msikiti nilizima kwa heshima. Matulo nilizima kwa sababu sikuwa na uso.

Nilipata jina. Watu walinisalimia sokoni kwa kuiga sauti yangu. Nilijua majina ya wanamuziki wa kaunti hizi zote na watoto wao, lakini rafiki wa kulala kwake sikupata tena. Mtu anayeita wengine huwa anafika mapema kuliko wote na kuondoka wa mwisho, na katikati yuko kando ya jukwaa peke yake. Nilijiambia ni kazi ndiyo iko hivyo. Hamisi alipokuwa hai sikuliona sana.

Sasa nirudi kwenu. Mwezi uliopita Wanjiru alinitumia orodha ya watakaopiga mwaka huu, akaniomba niisome kwa sauti, nijirekodi kwenye simu, niwarudishie. Akauliza pia, "Kuna msanii wa kitambo tunaeza heshimu, shosh? Mtu wenye watu walisahau?" Nikamwandikia, Nekesa wa Matulo, tarumbeta. Nilidhani anauliza tu. Kabla chai yangu haijapoa, jirani alikuwa mlangoni ananionyesha simu: majina yote yamepangwa kwa rangi, na jina la Nekesa liko chini na picha ya tarumbeta.

Nilikuwa nimemtangaza tena bila kumuuliza. Hata sikujua kama yu hai.

Zamani ukikosea jina ulizunguka kesho yake na gari lile lile ukasema nilikosea. Nikampigia Wanjiru. Akasema, "Usijali shosh, tunaeza edit, ni dakika moja tu." Nikamwambia angoje. Kesho yake asubuhi nilivaa buibui langu zuri, nikapanda matatu hadi Matulo.

Nyumba iko pale pale, ila mabati ni mapya. Mwanamke alikuwa amepiga magoti kwenye turubai uani, akigeuza mahindi kwa mikono yakauke. Aliinua kichwa. Nilimtambua kwa vile alivyoshikilia shingo.

"Zainabu," akasema.

"Mulembe, Nekesa."

"Mulembe. Umekuja na gari?"

"Nimetoka barabarani na miguu. Sina gari tena."

Akanisogezea kigoda. Yeye akabaki pale chini. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi mara mbili.

"Anza na ya karibu," akasema.

Nikamweleza ya simu. Akacheka hadi akashika kiuno, na alipocheka niliona meno yote ya mbele yameisha. "Mjukuu ameshanionyesha! Nilicheka siku nzima. Talumbeta inataka meno, Zainabu. Nitapigia na ufizi? Yenyewe iko kanisani, inapigwa na mtoto wa dada yangu. Waambie watoe hiyo jina."

"Nitawaambia leo."

"Haya. Ya mbali?"

Ile ya mbali niliisema vibaya. Nilikuwa nimeipanga tangu Kitale, lakini nilipoianza nikasema tu, "Siku ile. Uliponiangalia." Akainua mkono nikanyamaza.

"Kwani wewe unafikilia tulirudi tukilia?"

"Sijui mlirudi vipi."

"Mama alisema, hawa watu wametoka kwao, wapigie. Nikapigia hapo kwa rori, tukitoka Kitale. Nikapiga wimbo wote. Tukafika Kiminini watu wakatoka kwa maduka, deleva akasimama, nikapiga tena. Watu wakaluka ndani ya rori na sisi! Watu hatuwajui! Mpaka Webuye. Wazee wa kanisa wenye walinikataza walikuwa hapo hapo kwa nyasi wanaimba. Jua likizama tulikuwa hapa kwa uwanja wa shule na mama anacheza. Mama yangu, Zainabu. Haukuwahi kumuona akicheza." Akachukua mahindi kiganjani, akayaachilia. "Wote walisikia. Wewe tu ndiye haukusikia."

Ningependa kuwaambia nilifurahi. Nilifurahi, lakini furaha haikuwa ya kwanza kuja. Miaka yote hiyo nilikuwa nimembeba kama mtu niliyemzima. Kumbe alikuwa na watu wake barabara nzima, nami ndiye niliyebaki uwanjani naokota karatasi.

"Basi haikukuuma," nikasema.

"Iliuma." Sasa hakuwa anacheka. "Si kamati. Kamati sikuijua. Wewe ulikuwa umekula kwetu. Na tena ukawa unapita hapa. Gari inakuja na kelele kutoka Webuye, ikifika hapa, kimya. Tunasema, Zainabu huyo anapita. Mama alikuwa anaweka chai kwa ile sufuria yako. Anasema, labda leo atashuka."

Sikuweza kumtazama.

"Aliweka mpaka mwaka gani?"

"Mpaka akaenda."

Kuku walikuwa wakidonoa pembezoni mwa turubai na hakuna aliyewafukuza. Nililia, ndiyo, na yeye aliniacha nilie bila kunigusa na bila kuondoka. Nilipomaliza akajipangusa vumbi la mahindi kwenye leso, akaketi vizuri, akaweka mikono magotini.

"Sasa nitangaze," akasema.

"Nini?"

"Vile ungesema siku ile. Nataka kusikia."

"Hapa? Hakuna watu."

"Mimi niko."

Nikasimama. Nilinyoosha buibui kama ninayeangaliwa na uwanja mzima. Sauti nilidhani imekufa kule Tuwan, lakini nilipoitafuta tumboni ilikuwepo. Nikasema, kutoka Matulo, penye miwa na mahindi, binti aliyejifunza kanisani na kumaliza masomo yake shambani. Nikasema, na tarumbeta yake, na wimbo aliotunga mwenyewe. Nikavuta pumzi.

"Nekesa!"

Kuku walitawanyika. Ng'ambo ya ua wanawake wawili waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa, na mbwa wa mtu akabweka. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nilipiga hatua mbili kando ili kumpisha.

Hakuna kilichofuata. Nilisimama pale kando nikisikia upepo kwenye mabua. Nekesa alikuwa ameketi wima, macho yamefumbwa, midomo imebanwa pamoja kama wanavyofanya wapiga tarumbeta kabla ya kuanza, na shingo yake ikawa inapanda na kushuka. Sijui ilichukua muda gani. Sikuhesabu, na sikumkatiza.

Halafu akafumbua macho, akatazama juu, upande wa mlima.

"Wingu hiyo inakuja," akasema. "Shika pembe hiyo ya tulubai, mahindi yasirowe."

Nikavua viatu, nikashika.